Haki Tunayoidai na Haki Tunayohesabiwa: Historia ya Neno Moja Madhabahuni na Barazani

Wanafunzi wa theolojia wanaosoma vitabu vya ufafanuzi wa Biblia kwa Kiingereza hukutana mapema na maneno mawili, "righteousness" na "justice", ambayo huwatatanisha kupita kiasi. Wakifungua kamusi wapate msaada, kamusi huwajibu kwa neno moja tu kwa yote mawili, yaani haki. Basi wengine huamua kwamba maneno hayo ni kitu kimoja, wakayatumia kwa kubadilishana. Wengine huona kwamba Waingereza wasingejisumbua kuwa na maneno mawili bure, wakaligawa neno letu vipande viwili: kipande cha madhabahuni, kihusucho msamaha wa dhambi, na kipande cha barazani, kihusucho mashamba, mishahara na mirathi. Kosa la kwanza huharibu mtihani. La pili huharibu usharika, na hilo ndilo tunalokusudia kulichunguza, kwa kufuata historia ya neno lenyewe.

Tunachagua kulitazama jambo hili kutoka Shelui, mji mdogo wa wilaya ya Iramba katika mkoa wa Singida, kwa sababu pale neno haki halipumziki. Shelui iko chini ya mlima Sekenke, kandokando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Igunga na Nzega, mahali ambapo nchi ya Wanyiramba inaishia katika mbuga ya Wembere. Dhahabu ya Sekenke ilichimbwa tangu wakati wa Wajerumani, na ndiyo waliyoitumia kufulia sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora mwaka 1916, vita ilipowakatia njia za bahari. Hata leo wako wachimbaji wadogo katika eneo hilo. Mchimbaji akitoka shimoni humwambia mwenye duara, "Nipe haki yangu," naye hana maana nyingine ila fungu lake, malipo ya jasho lake. Jumapili mchimbaji huyohuyo huketi kanisani akasikia kwamba mwenye haki ataishi kwa imani. Je, asikie nini? Katika lugha yake ya Jumatatu hadi Jumamosi, mwenye haki ni mdai, mtu anayestahili kulipwa. Asipofundishwa, atasikia kwamba imani ni kazi na uzima ni ujira wake, na hapo Waraka kwa Warumi utakuwa umegeuzwa juu chini kwa neno moja tu.

Tuanze na asili. Neno haki limetoka katika Kiarabu, haqq, lenye maana ya lililo kweli, lililo imara, lililo wajibu kutimizwa. Waislamu hulihesabu miongoni mwa majina ya Mungu. Katika Kiswahili neno hili lina ndugu kadhaa wa shina moja: hakika, kuhakiki, na pia kustahiki, yaani kuwa na haki ya kupata kitu. Huyo wa mwisho ni ndugu wa kutazamwa sana na mhubiri. Habari ambayo Mtume Paulo anaitangaza ni kwamba haki imewafikia wasiostahiki. Mwenye kuzijua nasaba za maneno hayo ataona jinsi sentensi hiyo ilivyo na ukali katika Kiswahili kuliko hata katika Kiingereza.

Hapa tuseme kando kidogo. Watu wengi, na wahubiri wasiokuwa wachache, hudhani kwamba hakimu ameitwa hivyo kwa sababu ya haki. Sivyo. Hakimu, hukumu na mahakama ni wa shina jingine la Kiarabu, ambalo ndilo lililotupatia pia hekima. Katika Kiarabu herufi ya katikati ya haki na ile ya hakimu ni mbili tofauti, zinazotamkwa na kuandikwa mbalimbali. Kiswahili kilizisawazisha zote kuwa "k", na tangu hapo koo mbili zikaonekana kama ukoo mmoja. Kwa nasaba, hakimu ni ndugu wa hekima, na haki kwake ni jirani tu. Wale waliowahi kufikishwa mbele ya mahakimu fulani huenda wasishangae.

Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg aliyetumwa na shirika la Kiingereza, alipofika Mombasa mwaka 1844 alilikuta neno hili likiwa na kazi zake tayari. Kadhi alilitumia, mfanyabiashara alilitumia, na mtoto aliyenyimwa fungu lake alilililia. Kanisa halikulileta. Kanisa lililiazima kutoka sokoni na barazani. Biblia nzima ya Kiunguja ilitolewa mwaka 1891, ile ya Kimvita mwaka 1914, na mwaka 1952 ikapatikana Biblia ya Muungano, ambayo sharika zetu nyingi zinaipenda mpaka leo. Katika Biblia hiyo haki ndilo neno la Warumi na Wagalatia, na mwenye dhambi aliyesamehewa husemwa kuwa amehesabiwa haki. Kitenzi hicho, kuhesabiwa, ni cha mfanyabiashara na daftari lake, na kimechaguliwa vizuri sana, kwa kuwa Paulo mwenyewe katika Warumi sura ya 4 anatumia lugha ya hesabu. Anasema wazi kwamba afanyaye kazi huandikiwa ujira kama deni, lakini asiyetegemea kazi huhesabiwa imani yake kuwa haki. Mchimbaji wa Sekenke angeilewa sura hiyo upesi kuliko sisi, kama tungemsomea polepole.

Kabla ya Biblia ya Muungano Walutheri walikuwa na njia yao. Mmisionari Karl Roehl, aliyetoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, aliamini kwamba Kiswahili cha Biblia kilikuwa kimejazwa Kiarabu kupita kiasi, na kwamba watu wa bara wangeielewa vizuri zaidi Biblia yenye maneno ya Kibantu. Kwa hiyo hata neno imani aliliepuka, akapendelea kusema habari ya kumtegemea Mungu. Na mahali pa haki akaweka wongofu, na pa mwenye haki akaweka mwongofu. Ni neno zuri. Linatokana na kuongoka, kunyooka, kushika njia iliyo sawa, na linakaribia sana wazo la Kiebrania la kunyooka mbele za Mungu. Zaidi ya hayo linamwokoa msikilizaji na kosa la mchimbaji wetu, kwa kuwa hakuna adaiye wongofu kwa mwenye duara.

Lakini dawa hiyo ilikuwa na sumu yake. Kuongoka katika midomo ya Wakristo wa Afrika ya Mashariki kumekuja kuwa na maana ya kugeuka, kuacha pombe na matambiko, kutubu hadharani. Uamsho uliotoka Ruanda na kuenea katika nchi zetu tangu miaka ya 1930 uliikaza maana hiyo. Basi anayesoma kwamba mwongofu ataishi anaweza kusikia kwamba aliyekwisha kubadilika ndiye atakayeishi, ilhali Paulo anasema juu ya Mungu amhesabiaye haki asiye mcha Mungu, yaani asiyebadilika bado. Tukimkimbia mdai tumekutana na mtu anayejivunia toba yake. Kwa maoni yetu Roehl hakukosea kuliona tatizo. Alikosea kudhani kwamba lingeponywa kwa kubadilisha neno.

Iramba ina sehemu yake ya pekee katika historia hii. Kazi ya Kilutheri ilianzishwa huko na Wajerumani wa Leipzig kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita walifukuzwa, na mwaka 1926 kazi ikachukuliwa na wamisionari wa Augustana, kanisa la Wamarekani wenye asili ya Uswidi. Kanisa la Kilutheri la Tanganyika ya Kati lililotokana na kazi hiyo lilikuwa miongoni mwa makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa kanisa moja, ambalo leo ni KKKT. Sasa tazama. Mjerumani anapofundisha Warumi ana neno moja tu, "Gerechtigkeit", nalo ndilo hilohilo atakalolitumia akizungumzia mahakama na mishahara. Mswidi anayo mawili, na Mmarekani anayo mawili. Hatudai kwamba mafundisho yaligeuka siku Mmarekani alipoteremka Iramba. Katekisimo Ndogo ilikuwa ileile. Tunasema tu kwamba vitabu ambavyo wachungaji wetu walikuja kuvisoma baadaye vilitoka katika lugha zenye makabati mawili, na mwenye makabati mawili huweka vitu mbalimbali hata bila kukusudia.

Kiingereza chenyewe kilipata makabati hayo kwa ajali ya historia. Neno la kwanza ni la Waingereza wa kale, lenye maana ya njia iliyo sawa. La pili liliingia na Wanormani waliotoka Ufaransa baada ya mwaka 1066, ambao walikuwa watawala na mahakimu, nao walileta Kilatini cha sheria. Neno la wenyeji likabaki kanisani, neno la watawala likakaa mahakamani. Zaidi ya hayo, wafasiri wa Kiingereza walipofika kwa Paulo walichukua jina kutoka kabati moja na kitenzi kutoka jingine. Hivyo msomaji wa Kiingereza haoni kwa macho kwamba haki ya Mungu na kuhesabiwa haki ni shina moja, jambo ambalo kila mtoto wa Kipaimara wa Shelui anaweza kuliona. Kigiriki cha Paulo kina shina moja, Kilatini kina shina moja. Katika hili Kiswahili kimekaa upande wa Mitume, na hatuna haja ya kukionea aibu.

Tena, kama lugha ya Luther ingekuwa na makabati mawili, tungeweza kujiuliza kama angepata taabu ile iliyomfungulia Injili. Mwaka 1545, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, aliandika jinsi alivyolichukia neno haki ya Mungu, kwa kuwa alifundishwa kulielewa kama haki ya hakimu, ile impayo kila mtu anachostahili, na mwenye dhambi anastahili adhabu. Akang'ang'ana na Warumi 1:17 usiku na mchana, mpaka akaona kwamba ni haki ambayo Mungu anampa mtu kwa imani. Aliipata maana ya pili kwa sababu maana ya kwanza ilimbana ndani ya neno lilelile. Mtu ambaye tangu mwanzo amepewa neno laini la kanisani, lisilonuka mahakama, hana kitu cha kung'ang'ania.

Kuhama kwa neno letu kunaonekana vizuri katika Amosi 5:24. Kiebrania kina maneno mawili pale: mishpat, uamuzi wa haki unaotolewa langoni mwa mji, na tsedaka, unyofu wa mtu na wa jumuiya mbele za Mungu. Biblia ya Muungano iliweka hukumu mahali pa kwanza na haki mahali pa pili. Biblia ya Habari Njema, iliyotolewa kamili mwaka 1995, imeweka haki mahali pa kwanza na uadilifu mahali pa pili. Neno haki limeondoka katika kiti kimoja, likaketi katika kile cha jirani yake! Mwanafunzi anayejua jinsi Martin Luther King alivyoitumia aya hiyo Washington mwaka 1963, akataka kuitafuta katika Biblia ya bibi yake, atatafuta haki atakuta hukumu, na kwa masikio ya leo hukumu ni adhabu. Katika Warumi nako Habari Njema imesema habari ya kukubaliwa kuwa waadilifu. Wala hapa hatuwezi kujizuia kutaja kichekesho: uadilifu umetoka katika Kiarabu 'adl, ambalo ndilo neno la Waarabu la haki ya mahakamani. Kiswahili kimeyabadilishana maneno hayo, kikampa haki kazi ya barazani, na uadilifu kikaufanya kuwa tabia njema ya mtu. Ndiyo sababu mwadilifu naye ana hatari yake, maana akikubaliwa kuwa mwadilifu, wengi watauliza alifanya nini.

Kwa nini haki ilihama? Kwa sababu nchi ilihama. Katika uhai wa taifa letu neno hili limepata kazi mpya na nzito. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na tangu mwaka 1988 mtu ameweza kuzidai mahakamani. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya alizitumia haki hizo kuamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama vile mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaandika usawa huo wazi. Lakini tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, ambalo kwalo mjane hahesabiwi miongoni mwa warithi, limeendelea kunukuliwa katika mabaraza.

Tuliwahi kuketi katika kikao cha wazee wa usharika mmoja wa upande huo wa Iramba. Alikuja mjane ambaye shemeji zake walikuwa wamelitwaa shamba mara baada ya mazishi. Mzee mmoja, mtu mwema, alimwambia, "Mama, wewe umekwisha kuhesabiwa haki na Mungu. Haki za dunia tuwaachie wa dunia." Yule mama akanyamaza kidogo, kisha akajibu kwa adabu, "Baba, ile niliyohesabiwa nimeishukuru. Niliyonyang'anywa ndiyo niliyoijia."

Hatujasikia ufafanuzi bora zaidi katika darasa lolote. Yule mzee hakuyachanganya maana mbili. Aliziweka mbali mno, kila moja katika kabati lake, akafunga la pili kwa ufunguo wa la kwanza. Mama yule alizitofautisha bila kuzitenga: moja hushukuriwa, nyingine hudaiwa, wala yenye kushukuriwa haiwi sababu ya kuacha kudai. Tuongeze kwa faida ya wachungaji kwamba tangu mwaka 2021 baraza la kata halina tena mamlaka ya kuamua mgogoro wa ardhi, ila kusuluhisha tu. Usuluhishi ukishindikana, mjane wa namna hiyo huelekezwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mchungaji asiyelijua hilo humzungusha.

Kwamba haki hizi mbili haziwezi kutengwa, Walutheri wa dunia walilikiri katika nchi yetu wenyewe. Mwezi Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya Mkutano wake Mkuu wa sita mjini Dar es Salaam, ambapo Askofu Josiah Kibira wa Bukoba alichaguliwa kuwa rais wa kwanza kutoka Afrika. Mkutano huo ulitamka kwamba kuupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini ni jambo la ukiri wa imani, si maoni ya siasa ambayo Mkristo anaweza kuyachukua au kuyaacha. Mwaka 1984, mkutano wa Budapest ulisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika. Hoja ilikuwa nyepesi na nzito pamoja: ikiwa wote wanahesabiwa haki kwa imani tu, kanisa linaloweka rangi ya ngozi kuwa sharti la kuikaribia meza ya Bwana limeongeza kitu juu ya imani. Baadaye, tarehe 31 Oktoba 1999, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi Augsburg tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki. Tunalifurahia, ingawa twaona kwamba linasema kidogo sana juu ya mjane na shamba lake.

Kwa wenye kuhubiri, mahali pa kulifundishia neno hili ni Luka sura ya 18. Katika Biblia ya Muungano mifano miwili imesimama pale bega kwa bega. Katika wa kwanza mjane anamwendea kadhi dhalimu akidai apatiwe haki, naye anaipata kwa kutochoka kudai. Katika wa pili mtoza ushuru anasimama mbali, hadai kitu, anajipigapiga kifua, naye anarudi nyumbani amehesabiwa haki. Neno ni moja. Kigiriki nacho kinatumia shina moja katika mifano yote miwili, na hata udhalimu wa yule kadhi, na haki ambayo Mfarisayo alijitumainia, ni wa shina hilohilo. Msomaji wa Kiingereza haoni uhusiano huo wote. Sisi tunauona, na Luka alitaka tuuone, kwa maana aliiweka mifano hiyo pamoja: mjane mbele ya mwanadamu, asiyeambiwa kamwe anyamaze, na mtoza ushuru mbele ya Mungu, asiye na cha kudai. Angalia pia kwamba Mfarisayo alikosea kwa kuingia hekaluni kama mtu aendaye kwa mwenye duara.

Anayehubiri sura hiyo Shelui asiikate katikati. Asome tangu aya ya kwanza mpaka ya kumi na nne, katika Jumapili moja, na wajane wakiwapo.